Nywele, Rika na Mkono wa Mgeni: Mfano wa Isiolo

Ombi la mgeni la kutaka kugusa nywele za Mwafrika aghalabu huchukuliwa kuwa udadisi mdogo usio na madhara. Historia ya Isiolo, mji wanamokutana Wasamburu, Waturkana, Waborana, Wasomali na Wameru, yaonyesha kwamba sivyo. Kwa wengi wa watu hao nywele zilikuwa, na kwa baadhi zingali, tangazo la rika, ndoa au msiba, na kila tangazo lilikuwa na mwenye haki ya kulitoa.

Morani wa Kisamburu hufuga nywele, akazisokota nyembamba na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Atokapo katika umorani huzinyoa. Afiwapo na jamaa wa karibu huzinyoa vilevile. Nywele za mwanamume wa Kiturkana zilikandikwa udongo hadi zikawa kama kofia, zikachomekwa manyoya ya mbuni, naye akalalia kigoda kidogo cha mti ili zisiharibike. Kuhusu Waborana wa mfumo wa gada, Asmarom Legesse alieleza katika kitabu chake cha 1973 kwamba wavulana wa daraja la kwanza, dabballe, hufugwa nywele kama za wasichana, nazo hazinyolewi mpaka sherehe ya kuvuka daraja. Waborana wa Isiolo, ambao wengi wao ni Waislamu, wameuacha utaratibu huo kwa sehemu kubwa.

Utawala wa kikoloni uliweka vibali kwa mambo mengine. Kwa Sheria ya Wilaya za Pembeni ya 1902 na ile ya Wilaya Maalumu ya 1934, mtu hakuingia wala kutoka kaskazini apendavyo, na Isiolo ndiyo iliyokuwa lango. Kichwa cha mwenyeji hakikuwekewa lango. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilimwagiza Joy Adamson, aliyeishi Isiolo ambako mumewe George alikuwa Bwana Nyama, achore watu wa makabila ya Kenya pamoja na mapambo yao. Sehemu ya michoro hiyo ilitolewa kitabuni mwaka 1967. Thamani yake haikanushiki, kwani imehifadhi mitindo ambayo leo ni nadra kuonekana. Hata hivyo, agizo lilitoka serikalini, si kwa wazee wa rika. Baadaye watalii wa hifadhi za Samburu na Buffalo Springs walikuja na kamera. Na kutoka jicho hadi mkono si mbali.

Kiswahili chenyewe kina mizani miwili kwa mintarafu ya nywele. Maneno singa na kipilipili hutaja namna zilivyoota: laini au za kujikunja. Maneno shungi, denge na msuko hutaja kazi iliyofanywa na mtu kwa kusudi lake. Mgeni anyoshaye mkono huuliza swali la mizani ya kwanza tu, ilhali mwenye kichwa amejipamba kwa mizani ya pili. Ndiyo maana kukataa kwake si ukosefu wa ukarimu. Ni kudai asomwe kabla ya kushikwa.

Hapana budi, basi, wakusanyaji wa msamiati wa kaskazini waandike jina la kila mtindo pamoja na nani husuka, nani hunyoa, na lini. Jina lisiloambatana na hayo halipiti ule mguso wa mgeni.