Upepo, Presha na Kanieneo: Maneno ya Turbo katika Njia ya Lusahunga hadi Rusumo

Mtu asafiriye kutoka Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda hufika Lusahunga, katika Wilaya ya Biharamulo, na hapo njia hugawanyika. Moja hushika kaskazini kwenda Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Nyingine huendelea magharibi kupitia Nyakahura hadi Benako na Rusumo, ikiacha tawi liendalo Ngara mjini na Kabanga, mpakani mwa Burundi. Malori yachukuayo mizigo ya nchi hizo mbili zisizo na bahari hupita hapa mchana na usiku, na pamoja nayo wamekuwapo mafundi wa kuyatengeneza. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya maneno yao machache tu, yale yahusuyo hewa isukumwayo ndani ya injini ya dizeli na kifaa kinachoipima. Tumeyachagua kwa sababu tumekwisha kuona jinsi neno moja lililotumiwa ovyo linavyoweza kumfanya mtu anunue kifaa ambacho hakuwa na haja nacho.

Turbo ni uvumbuzi wa Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo. Gurudumu la pili, lililo kwenye mhimili uleule, husukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yaweza kuungua, na lori hupanda kilima ambacho lisingekipanda. Volvo walianza kuuza lori la namna hii mwaka 1954. Kwa hiyo kifaa hiki si kigeni, ingawa kilikuja kwetu bila jina la Kiswahili; mafundi wengi hukiita tabo, na hatuoni sababu ya kugombana nao.

Yafaa ikumbukwe kwamba gereji ni mahali ambapo tabaka za historia yetu zimelaliana. Gari lilitoka Bara Hindi, bomba lilitoka kwa Wareno, na gia, breki, klachi na rejeta ni za Kiingereza. Lakini kwa hewa iliyoshindiliwa, fundi hakuazima. Alichukua upepo, neno la Kibantu lililokuwa la bahari na mashamba, akalitia ndani ya matairi. Kisha zikaja breki za upepo, na baadaye upepo wa tabo. Katika injini za zamani, zisizo na kompyuta, neno hilo lilitosha. Fundi alisikiliza mluzi wa turbo, akatazama moshi kama ni mweusi, akapapasa mpira wa hewa kwa kiganja, akasema: "Upepo unavuja." Alikuwa ametaja ugonjwa na mahali pake kwa maneno mawili.

Hapa tutoe mfano wa jinsi njia hii inavyozaa majina. Benako, kama watu wengi wa Ngara wanavyojua, ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kwamba watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na Benako ikawa kambi iliyotajwa duniani kote. Jina la wakandarasi likawa jina la mahali, na hakuna kamati iliyolijadili.

Mabadiliko makubwa ya maneno yaliletwa na umeme. Marekani ililazimisha magari yote mapya ya abiria yawe na mfumo mmoja wa kujichunguza kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifanya hivyo kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli miaka michache baadaye. Magari hayo yalipozeeka yalifika kwetu, nayo yakaleta taa ya injini, mashine ya kupimia, na kifaa kidogo chenye waya tatu, aghalabu, kilichopachikwa kwenye njia ya hewa baada ya turbo. Waya mmoja hukiletea volti 5, wa pili ni wa ethi, na wa tatu hupeleka ishara kwenye kompyuta. Mafundi wakakiita sensa. Bahati mbaya, neno hilo lilikwisha kuwa na kazi: tangu ile ya mwaka 1967, sensa kwa Mtanzania ni kuhesabiwa kwa watu. Ndiyo maana tunapendelea kihisi, ambalo limetokana na kitenzi kilicho wazi kwa kila mtu.

Kuhusu kile kinachohisiwa, tuna utajiri unaotia hasara. Presha, kwa watu wengi, kwanza ni ugonjwa wa mtu mzima. Shinikizo limekaa vizuri hospitalini na katika siasa. Mgandamizo humfikirisha fundi juu ya kazi ya pistoni ndani ya silinda, ambayo ni jambo lingine. Wataalamu wa fizikia walitupatia kanieneo, yaani kani juu ya eneo, neno lililoundwa kwa akili nyingi ambalo mpaka leo hatujalisikia gereji hata mara moja.

Sasa tuseme kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kutafsiri karatasi ya namba za hitilafu. Namba P0299 husema kwamba hewa itokayo kwenye turbo haikufikia kiasi kinachotakiwa. Namba P0237 husema kwamba ishara ya umeme ya kihisi iko chini mno, yaani pengine waya umekatika au kihisi kimekufa. Zote mbili tuliziandika "presha ya turbo ni ndogo", tukaridhika kwa ufupi wake. Karatasi hiyo ilifika Biharamulo. Gari moja lilileta namba ya kwanza. Fundi, aliyekuwa amewahi kuponya gari jingine kwa kubadili kihisi, alibadili kihisi. Taa ikawaka tena, akabadili cha pili. Mpira wa hewa ulikuwa umepasuka chini ya kibano chake, na vihisi vyote viwili, pamoja na kile cha awali, vilikuwa vikisema kweli. Mwenye gari alilipa. Fundi wa zamani, kwa lile neno lake upepo, asingekosea.

Kuna tatizo la pili, ambalo ni la wilaya hizi hasa. Geji ya tairi husoma sifuri ikiwa haijashikizwa popote. Kihisi cha turbo kwa kawaida husoma kuanzia ombwe tupu. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, kinapaswa kuonyesha uzito wa hewa iliyotuzunguka. Dar es Salaam, usawa wa bahari, hiyo ni karibu kilopaskali 101. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na ufukweni mwake kipimo ni kama 88. Kwenye vilima vya mita 1,500 ni kama 85. Basi fundi aliyejifunza Pwani akisoma 85 Ngara aweza kukihukumu kihisi kizima, na yule aliyezoea geji ya tairi ataona ajabu kwamba kinasoma chochote ilhali injini imelala.

Kwa hiyo tunapendekeza kanieneo liachwe katika vitabu vya fizikia, pamoja na kanieneo kamili kwa kipimo kianziacho kwenye ombwe. Katika miongozo ya mafundi, P0299 iandikwe "upepo wa turbo haufiki kiasi", na P0237 "ishara ya kihisi cha upepo iko chini". Walimu wa ufundi watuandikie iwapo wanafunzi wao wanazitenganisha sentensi hizo mbili bila kuelezwa. Na mtafsiri atakayeandika kipimo cha injini iliyozimwa asiandike 101 peke yake. Aongeze kwamba kwenye vilima vya Ngara kihisi kizima husoma kama 85.