Kitabu Kimoja kwa Wanafunzi Wote: Kisa cha Chapel Hill, 2002

Desturi ya kuwapa wanafunzi wapya wa chuo kikuu kitabu kimoja, wakisome likizoni kisha wakijadili kwa vikundi, imeenea sana nchini Marekani. Nia yake ni kwamba watu wasiojuana, ambao karibuni watatawanyika katika fani zao, wawe na jambo moja la kuzungumza. Aghalabu historia yake haina makuu. Walakini Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilifikishwa mahakamani kwa ajili yake.

Chuo hicho cha umma kilianza mpango huo mwaka 1999. Kwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kiliteua *Approaching the Qur'án* cha Michael Sells: tafsiri ya Kiingereza ya sura fupi 35, nyingi zikiwa za awali za Makka, pamoja na sherehe na sahani ya sauti yenye visomo. Sells alishikilia kuwa sauti ni sehemu ya maana. Hoja hiyo si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako mtoto wa chuoni huzijua sura kwa sikio kabla hajazijua kwa tafsiri.

Julai 2002 wanafunzi watatu ambao majina yao hayakutajwa, wakiungwa mkono na shirika la Kikristo la Family Policy Network, walikishtaki chuo kwa kuwalazimisha kusoma maandiko ya dini. Kabla ya hapo, kutokana na malalamiko, chuo kilikuwa kimekwisha kulegeza sharti: asiyetaka kusoma angeandika ukurasa mmoja kueleza sababu. Yafaa ikumbukwe kwamba sharti hilo halikuwa jepesi kama lilivyoonekana, kwani lilimtaka mtu aitangaze imani yake ili apate ruhusa.

Lalamiko zito zaidi, hata hivyo, lilihusu uteuzi. Wapinzani walisema sura fupi za awali zilionyesha uso mmoja tu wa Uislamu, na aya zinazohusu vita zimeachwa. Hapana shaka hilo ni swali halali, nalo ni swali la wahakiki: kila mkusanyaji wa matini huchagua, na kuchagua ni kufasiri. Mahakama haikuwa na kipimo cha jambo hilo. Ilichotakiwa kuamua ni kama zoezi lile lilikuwa la elimu au la ibada, na tarehe 15 Agosti Jaji Carlton Tilley alikataa kulizuia. Tarehe 19 mahakama ya rufani nayo ikakataa, na siku hiyo hiyo vikundi vikakutana. Swali la uteuzi lingeweza kujibiwa humo tu, na wale waliokuwa wamekisoma kitabu.

Mwaka 2003 chuo kiliteua *Nickel and Dimed* cha Barbara Ehrenreich, kuhusu wafanyakazi wa mishahara duni. Nacho kikalalamikiwa, safari hii kwa sababu za siasa.