Hii Ni PS Yenyewe? Historia Fupi ya Pandora na Wanakili Wake

Mwaka jana kaka yangu alipokuja kunitembelea, nilimwekea mkononi kikompyuta kidogo kinachofunguka na kufungwa kama kitabu, nikamwashia Tekken 3. Kaka aliwahi kuendesha kibanda cha gemu mwanzoni mwa miaka ya 2000: televisheni mbili, PlayStation mbili, benchi moja, na daftari la madeni. Alicheza raundi tatu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Mdogo wangu, hii ni PS yenyewe au ni mfano wake tu?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba ni programu tu. Akatikisa kichwa, akaendelea kucheza. Jibu langu halikumridhisha, na nikikumbuka vizuri, hata mimi halikuniridhisha. Makala haya ni jibu refu zaidi.

Kikompyuta chenyewe kinaitwa Pandora. Hakikutoka kampuni kubwa. Kilibuniwa na watu waliokutana mtandaoni kwa sababu ya mapenzi ya vifaa vya Korea Kusini: kwanza GP32 ya mwaka 2001, halafu GP2X ya mwaka 2005. GP2X ilitumia Linux, ilikula betri mbili ndogo za kawaida, na mtu yeyote aliyejua kuandika programu aliruhusiwa kuiandikia bila kuomba ruhusa. Hilo halikuwa jambo dogo. Konsoli za kampuni kubwa zilikuwa zimefungwa kwa kufuli za kila aina. GP2X mlango wake ulikuwa wazi, na watu wakaingia kwa wingi. Wengi wao hawakuja na gemu mpya. Walikuja na emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nyingine, ili gemu za Sega au Nintendo za utotoni mwao ziweze kuchezwa mkononi.

Pandora ilikuwa ndoto ya kuifanya GP2X iwe kompyuta kamili. Prosesa ya megahezi 600, memori ya megabaiti 256, skrini ya kugusa ya inchi 4.3, kibodi yenye herufi zote, vijiti viwili vya kuongozea, na nafasi mbili za kadi za SD. Oda zilianza kupokelewa mwishoni mwa Septemba 2008, kwa bei ya takriban dola 330, na kundi la kwanza lilipangwa kuwa la vifaa 4,000. Watu walilipa wakitarajia kukipata baada ya miezi michache. Vifaa vya kwanza vilianza kusafirishwa Mei 2010. Kuna waliosubiri zaidi ya hapo, wengine miaka. Mimi sikuwa miongoni mwao. Changu nilikinunua baadaye sana, cha mkono wa pili, bawaba zikiwa zimeshaanza kulegea.

Sasa turudi kwenye swali la kaka. Ndani ya Pandora kunatokea nini Tekken inapowaka?

Prosesa ya PlayStation ni ya ukoo wa MIPS, na ilienda kwa kasi ya takriban megahezi 34. Ya Pandora ni ya ukoo wa ARM. Hizi ni lugha mbili tofauti kabisa. Amri iliyoandikwa kwa MIPS, ukiipa ARM, ni kelele tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa katikati, na hapa ndipo sisi wasomaji wa fasihi tunapoweza kuelewa jambo hili upesi kuliko tunavyodhani. Mtu huyo wa katikati anaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Anaweza kuwa mkalimani au anaweza kuwa mfasiri.

Mkalimani husikia sentensi moja, anaisema kwa lugha ya pili, anasubiri inayofuata. Sentensi ileile ikirudiwa mara elfu, anaifikiria upya mara elfu. Emuleta za namna hii ni rahisi kuandika na ni aminifu, ila zinachosha prosesa. Utasema: megahezi 600 si mara kumi na saba na zaidi ya 34? Ndiyo, lakini amri moja ya mgeni inaweza kugharimu makumi ya amri za mwenyeji, na bado hujachora picha wala kutoa sauti.

Mfasiri huchukua aya nzima, anaiandika kwa lugha ya pili, anaiweka kwenye karatasi. Aya hiyo ikihitajika tena, anasoma alichoandika. Ni kasi ajabu. Lakini ana mtego wake: gemu inaweza kupakia amri mpya kutoka kwenye diski na kuzifuta za zamani mahali palepale. Ni kama mwandishi anayebadilisha muswada usiku wakati mfasiri amelala. Mfasiri asipogundua na kutupa tafsiri ya jana, gemu inaanguka.

Mfasiri aliyeiwezesha Pandora kucheza PlayStation ana nasaba inayonivutia sana. Palikuwa na emuleta iitwayo PCSX. Waandishi wake wa mwanzo walipoiacha, wengine waliichukua wakaiita PCSX-df. Nayo ilipopoa, ikazaliwa PCSX-Reloaded. Pembeni, mwandishi anayejulikana kwa jina la Ari64 alikuwa ameandika mfasiri wa MIPS kwenda ARM kwa ajili ya emuleta ya Nintendo 64, ambayo prosesa yake ni ndugu wa ile ya PlayStation. Kisha mwingine anayejiita notaz, aliyekwishajulikana kwa kazi yake kwenye GP2X, akaunganisha urithi huu wote, akarekebisha alichohitaji kurekebisha, akaitoa PCSX ReARMed kwenye Pandora. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyehitaji kuomba ruhusa kwa aliyemtangulia. Leseni ya programu huria ilikuwa imeshawapa wote ruhusa, kwa sharti moja: ukiboresha na kusambaza, na wewe acha mlango wazi kwa anayekuja nyuma yako.

Lakini hivi kumwiga mwenye mashine ni halali? Swali hili lilifika mahakamani kabla Pandora haijafikiriwa. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual Game Station, programu iliyowezesha gemu za PlayStation kuchezwa kwenye kompyuta za Macintosh. Sony iliishtaki. Ili kuijenga, wahandisi wa Connectix walikuwa wamenakili na kuichunguza programu ya ndani ya PlayStation, ingawa bidhaa yao ya mwisho haikuwa na msimbo wa Sony. Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kunakili kwa ajili ya kuelewa namna hiyo kulikuwa matumizi ya haki. Connectix ilishinda. Mwaka uliofuata Sony ikainunua programu yenyewe, ikaizima. Bleem, kampuni nyingine iliyoshtakiwa na Sony kwa kosa kama hilo, ilifunga milango mwaka huohuo wa 2001. Ushindi wa mahakamani haukuwalisha.

Sasa sikiliza kilichofuata. Tarehe 3 Desemba 2018, miaka 24 kamili tangu PlayStation ya kwanza iuzwe Japani, Sony iliuza PlayStation Classic: kijisanduku chenye gemu 20 za zamani ndani yake. Ndani ya kijisanduku hicho palikuwa na emuleta, na emuleta hiyo ni PCSX ReARMed. Kazi iliyofanywa bila malipo ili gemu zicheze kwenye kikompyuta cha watu elfu chache ilikuwa imerudi nyumbani kwa mwenye gemu, kwa mlango wa mbele. Na kwa sababu leseni iliruhusu, hakuna aliyeibiwa.

Kuna kichekesho kidogo. Baadhi ya gemu kwenye kijisanduku hicho, Tekken 3 ikiwemo, ziliwekwa kwa toleo la Ulaya, linaloonyesha picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Nakala ya mwenye mali ikawa nzito kuliko niliyomwashia kaka.

Sitaki kupaka rangi. Emuleta ni jambo moja, na diski ya gemu ni jambo jingine. Hukumu ya mwaka 2000 haikumruhusu mtu kuchukua gemu ambayo hajailipia. Na tuseme ukweli, diski zote za kibandani kwa kaka zilikuwa za kunakiliwa, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Lakini mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununua. Mtu anayetaka kuzilipia hana wa kumlipa. Kazi nyingine yoyote ya sanaa ikipotea kwa kiwango hicho tungeita msiba.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Tenzi zetu nyingi za zamani hazikutufikia kwa mkono wa mtunzi. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, tunao kwa sababu kuna watu walioketi na wino wakaunakili. Muhammad Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Mnakili si mtunzi. Anaweza kukosea, na pengine "anamsahihisha" mtunzi bila kutumwa. Lakini karatasi huliwa na mchwa na unyevu, na mnakili akikosekana hakuna cha kubishania. Diski nazo huchubuka, na chipu hufa kimya kimya.

Siku ya kuondoka, kaka alitoa kwenye begi kadi ya memori ya kibandani, ya kijivu, imefungwa kwa mpira wa pesa. Kadi hizo hubeba kilobaiti 128 tu. Niliisoma kwa kifaa cha kusomea, nikahamishia faili kwenye Pandora. Tekken ilipowaka tena, rekodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwepo, na herufi za mwanzo za majina ya vijana wa mtaani, wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki.

Kaka alizisoma polepole, moja baada ya nyingine. Hakuuliza tena kama ni PS yenyewe. Aliniuliza kama naweza kumtolea nakala.