Kutoka Platini hadi Chipu: Taa ya Ulinzi wa Gari na Ufundi wa Umeme Dodoma

Mabadiliko makubwa kuliko yote katika ufundi wa umeme wa magari kwenye uwanda wa kati wa Tanzania yamejificha nyuma ya taa ndogo nyekundu ya dashibodi, yenye mchoro wa gari na kufuli au wa ufunguo, ambayo kwa kawaida humetameta gari likiwa limefungwa na kuzimika pindi ufunguo halali unapoingizwa kwenye swichi. Taa hiyo ndiyo msemaji wa imobilaiza, yaani mfumo unaoizuia injini kufanya kazi mpaka gari liutambue ufunguo wake. Inapogoma kuzimika, fundi hukabiliwa na swali ambalo watangulizi wake hawakuwahi kuulizwa: je, kilichoharibika ni kifaa, au ni utambuzi tu uliokatika?

Watangulizi hao walikuwa na mizizi mirefu. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na baadaye mji ukawa njia panda ya reli hiyo na barabara kuu itokayo Iringa kwenda Arusha, hivyo magari yaliyochoka safarini yalihitaji watu wa kuyafufua. Mpango wa karanga wa Kongwa, takriban kilomita 90 mashariki ya Dodoma, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulishindwa kama kilimo, lakini ulijaza nyika ya Ugogo matrekta na mitambo iliyoharibika kila siku, na mitambo hiyo haikuweza kutengenezwa bila mikono ya wenyeji. Katika magari ya zama hizo kama Land Rover, yaliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, umeme wote ulifuatika kwa jicho: betri, swichi, koili, kondensa, na platini, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche izaliwe. Fundi mwenye tasta, ambayo ni balbu iliyounganishwa na waya, aliweza kuutafuta umeme hatua kwa hatua hadi pale ulipopotelea. Ulinzi dhidi ya wezi nao ulikuwa wa kushikika: mwenye gari alichomoa rota ya distribyuta na kuondoka nayo mfukoni. Uingereza iliwahi hata kuwalazimisha madereva, mwaka 1940, kuyalemaza kwa njia za namna hiyo magari waliyoyaacha bila mtu, ili adui akivamia asiyatumie.

Chuma kilianza kuiachia namba nafasi yake nchini Marekani, ambako Chevrolet Corvette ya toleo la 1986 ilipewa ufunguo wenye kipande kidogo cha kupunguza umeme, chenye moja ya viwango 15, na gari likakataa kuwaka iwapo kiwango hakikulingana. Ujerumani ilifuata katikati ya miaka ya 1990 kwa mifumo iliyotumia chipu, kisha Umoja wa Ulaya ukaifanya imobilaiza kuwa lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1998. Japani haikuwa na sharti kama hilo, na jambo hili lina uzito wa pekee kwa Tanzania, kwa kuwa tangu serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984 na kuwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulifunguka ambao hatimaye ulipitisha wingi wa magari yaliyotumika Japani. Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990 zilifika zikiwa na ufunguo wa chuma tupu. Wizi wa magari nchini Japani ulipopanda hadi zaidi ya matukio 64,000 mwaka 2003, watengenezaji walizidi kutia chipu katika funguo, na uamuzi uliofanywa kwa sababu ya wezi wa huko ukaja kuwa kazi mpya ya fundi wa Dodoma miaka michache baadaye.

Chipu yenyewe haina betri. Kuna koili ya duara inayozunguka tundu la swichi, nayo huipa chipu nguvu kupitia hewani kwa umbali wa sentimita chache tu. Chipu hujibu kwa kutaja namba yake, na kontrol boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, huilinganisha na namba zilizomo katika kumbukumbu yake. Ndiyo maana kubadilisha betri ya rimoti hakuizimi taa ya ulinzi: rimoti hufungua milango, chipu huruhusu injini, na viwili hivyo hukaa katika ganda moja bila kutegemeana. Vivyo hivyo, desturi ya kuchomoa waya wa betri usiku kucha ili gari "lisahau" haisaidii, kwani kumbukumbu ya namba hizo haihitaji umeme ili idumu.

Namna taa inavyowaka ni ushahidi, ingawa kila mtengenezaji ana lugha yake. Katika Toyota nyingi, taa inayoendelea kumetameta ufunguo ukiwa ndani huashiria ufunguo usiotambuliwa, na mara nyingi injini huwaka kwa sekunde moja au mbili kisha hukata. Ile inayong'aa mfululizo bila kupepesa, hata ufunguo ukiwa nje, huweza kumaanisha kwamba boksi jipya limefungwa na bado linasubiri kusajiliwa ufunguo wake wa kwanza. Katika Nissan, mng'ao wa mfululizo swichi ikiwa imefunguliwa huonyesha kwamba mfumo una hitilafu au namba hazikulingana. Fundi asiyetofautisha hali hizi huishia kubadilisha selfu, pampu ya mafuta na hata plagi za gari ambalo halina ugonjwa wowote wa injini, na gharama ya kosa hilo humwangukia mwenye gari ambaye hana njia ya kujua.

Hata hivyo, tasta haikutupwa. Betri iliyochoka, ambayo volti zake huporomoka chini ya 9 au 10 selfu inapozunguka, huweza kuikatisha kontrol boksi katikati ya mazungumzo na ufunguo. Waya wa eathi uliolika mahali unapofungwa kwenye bodi hufanya vivyo hivyo, na fyuzi iliyoungua huizima koili ya swichi kabisa. Funguo mbili zenye chipu zikining'inia kwenye pete moja huweza kujibu kwa pamoja na kuvurugana. Haya yote hupimwa kwa zana za zamani, na mpangilio sahihi huyatanguliza kabla ya mashine ya kusomea gari kuchomekwa, jambo ambalo wazee wa Land Rover wangelielewa bila kufundishwa.

Mashine nayo ina mipaka. Visomaji vya bei nafuu vilivyoenea husoma hitilafu za injini na za moshi, ambazo sheria za Marekani zililazimisha zisomeke kwa lugha moja kuanzia magari ya toleo la 1996, ilhali hitilafu za imobilaiza hukaa mara nyingi katika sehemu ambayo ni mashine zenye programu ya mtengenezaji tu zinazoifikia. Katika Toyota, B2795 hutaja ufunguo usiolingana, B2796 hutaja ukimya kati ya ufunguo na mfumo, na B2799 hutaja hitilafu ya imobilaiza yenyewe kwa upande wa injini. Tofauti ya tarakimu moja humpeleka fundi kwenye ufunguo, kwenye koili ya swichi au kwenye nyaya za boksi.

Katika Kikuyu, eneo la Dodoma, na katika kata nyingine za mji, haja ya ujuzi huu iliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, uamuzi uliokuwa umesubiri tangu mwaka 1973. Elimu rasmi ya ufundi iko chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo pia hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia gereji. Lakini namba za siri za kusajili funguo hazipatikani kwa cheti peke yake, kwa kuwa watengenezaji huzilinda, na hoja yao ina nguvu, kwani anayeweza kumsaidia mwenye gari anaweza pia kumsaidia mwizi. Ugumu huwa mkubwa zaidi pale gari lililotumika linapokuja na ufunguo mmoja. Ufunguo huo ukiwapo, wa pili husajiliwa kwa muda mfupi. Ukipotea, huenda kontrol boksi ikalazimika kufunguliwa, kumbukumbu yake ikasomwa na kuandikwa upya juu ya meza, nayo ni kazi ambayo kosa moja ndani yake huiacha taa ikiwaka na gari likibaki hapo lilipo.