Dola Tano kwa Siku na Utu wa Mfanyakazi



Wapendwa waamini, kati ya maswali ninayoletewa na wakuu wa familia, lipo moja linalorudi tena na tena: "Padre, kazini nalipwa vizuri, lakini jinsi wakubwa wanavyotutendea ni aibu. Je, niache, au nivumilie kwa ajili ya watoto?" Juma hili nawaalika tulitafakari swali hilo kwa msaada wa historia.

Tarehe 5 Januari 1914, kampuni ya magari ya Henry Ford huko Highland Park, Michigan, Marekani, ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wangepata dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo walipata takriban dola 2.34 kwa saa 9. Maelfu ya watu walifurika mlangoni pa kiwanda wakitafuta kazi, na tarehe 12 Januari, katika baridi kali, umati ule ulimwagiwa maji kwa mipira ya zimamoto ili utawanyike.

Ukarimu ule ulikuwa na sababu. Mwaka 1913 kiwanda kilianza kuunganisha magari kwa mkanda unaotembea. Mfanyakazi alisimama mahali pamoja akirudia tendo moja kutwa nzima, naye mkanda ndio uliompangia kasi. Wengi hawakustahimili. Mwaka huo kampuni iliajiri watu zaidi ya 50,000 ili tu ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Ujira mpya uliwafanya watu wabaki, lakini mkanda haukupunguziwa mwendo.

Kabla Januari haijaisha, mke wa mfanyakazi mmoja alimwandikia Ford barua bila kutaja jina lake. Alieleza kuwa mumewe hurudi nyumbani amechoka hata kujitupa chini na kukataa chakula cha jioni. Alikiri kwamba dola tano zilikuwa baraka kubwa kwao, lakini akasema zilitolewa jasho kwelikweli. Akauliza kama jambo lile haliwezi kurekebishwa.

Tena, dola zile hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu yake ilihesabiwa kuwa gawio la faida, na alipewa yule tu ambaye mwenendo wake ulikubaliwa na kampuni. Wakaguzi walitembelea nyumba za wafanyakazi wakichunguza kama mtu ameoa kihalali, kama ni mlevi, kama ana akiba, na kama nyumba yake ni safi. Familia kadhaa zilinufaika, hilo tusilikane. Lakini mwezi uleule wa Januari, Waorthodoksi Wagiriki na Warusi wapatao 900 walifukuzwa kazi kwa kosa la kutofika kiwandani siku ya Noeli yao. Kampuni iliyojitwalia haki ya kuingia hadi sebuleni mwa mtu sasa ilikuwa imeingia hata katika ibada yake.

Mwaka 1915 idara ya wakaguzi hao ilikabidhiwa kwa mchungaji wa Kianglikana, Samuel Marquis, aliyejitahidi kuipa sura ya kibinadamu. Mwaka 1921, alipoona ukatili wa uongozi umeshinda, alijiuzulu. Tarehe 26 Mei 1937 viongozi wa chama cha wafanyakazi walipigwa na watu wa kampuni nje ya kiwanda chake cha Rouge. Ni mwaka 1941, baada ya mgomo, kampuni ilipokubali kutia sahihi mkataba na chama hicho.

Ndugu zangu, miaka 23 kabla ya tangazo la Ford, Baba Mtakatifu Leo XIII alikuwa amekwisha kutoa waraka *Rerum Novarum*, tarehe 15 Mei 1891. Humo alidai ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi. Na humo humo alifundisha kwamba mfanyakazi asifanywe mtumwa, na apewe nafasi ya kumtimizia Mungu wajibu wake. Haki moja haiwezi kulipia deni la nyingine. Mshahara hununua kazi ya mtu kwa saa zilizopatanwa. Haumnunui mtu mwenyewe.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, na baba au mama anayeinama ili watoto wasome hastahili kudharauliwa. Lakini ajiulize: nimeinama, au nimeanza kutambaa? Je, nalazimishwa kusema uongo, kumwonea mwenzangu, kuiacha Misa? Je, hasira ya kazini naimalizia kwa mke na watoto? Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walikumbuka samaki na matango ya Misri, wakasahau mijeledi.

Tena tujifunze kwa mama yule wa barua. Hakuudharau mshahara, wala hakunyamaza kwa sababu ya mshahara. Kati ya kuacha na kuvumilia ipo njia ya tatu: kusema ukweli kwa heshima, na ikiwezekana kuusema pamoja na wenzako. Ukweli ukikataliwa na dhamiri ikiendelea kujeruhiwa, basi kuondoka si utovu wa shukrani.

Nanyi mnaoongoza wengine, msijifariji kwa kusema, "Si tunawalipa?" Mwulizeni mfanyakazi wenu anavyofika nyumbani jioni.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.