Muhuhu: Mti Ulioponzwa na Ugumu Wake

Asimamaye Kisaju, kando ya barabara iendayo Namanga, huona mbuga pana ya nyasi na miiba, na mbali upande wa kaskazini magharibi, Vilima vya Ngong. Siku hizi nyumba za mawe zaongezeka katika mbuga hii, na kila ajengaye hujiuliza atatandaza nini sakafuni. Wengi huchagua saruji au vigae. Zamani za ukoloni swali hilo liliulizwa Nairobi, na jibu mojawapo lilitoka msituni: muhuhu.

Mti huu, ambao wataalamu huuita Brachylaena huillensis, huota katika misitu mikavu kama vile Karura na Ngong karibu na Nairobi, na Arabuko-Sokoke huko Pwani. Shina lake aghalabu hupinda, hata ni shida kupata ubao mrefu. Lakini mbao zake ni nzito mno: meta moja ya ujazo, ikisha kukauka, hukaribia kilo 900. Mchwa hawauwezi, hauozi upesi, wala nyayo za watu wengi haziulizi. Tena hunukia vizuri, na mafuta yake hutiwa katika manukato.

Basi mafundi waliigeuza kasoro ikawa faida. Waliukata vipande vifupi, wakavipanga sakafuni mithili ya msuko wa mkeka. Vipande hivyo vilitumika hapa nchini, na vingine vikauzwa ng'ambo. Kadhalika muhuhu ulitolewa nguzo za ua na kuni. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918, Wakamba walipoanza kuchonga vinyago vya biashara, nao waliupenda.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa. Muhuhu hukua polepole sana, na mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kuota. Mti uliokatwa asubuhi moja haukurudi katika maisha ya mkataji. Bei yake ilihesabu kazi ya msumeno. Haikuhesabu miaka ya mti.

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, lakini tangazo halikuwa ngome. Baadaye sehemu ya ardhi yake iligawiwa watu wa kujenga, na Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti huko. Msitu uliokwisha kutoa sakafu, sasa ulidaiwa kiwanja.

Hata hivyo, mwanadamu aweza kujifunza. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi wamehimizwa kutumia mwarobaini, ambao hukua upesi, na baadhi yao wameukubali. Nawe msomaji, siku utakapojenga, usiulize tu ubao utadumu miaka mingapi chini ya miguu yako. Uliza pia ulichukua miaka mingapi kukua, na ni nani aliyepanda mwingine mahali pake.