Sifa na Sandarusi

Mwaka wa arusi ya dada yangu, mlango wa nyumba yetu Mji wa Kale, Mombasa, ulipakwa vanishi. Ami ndiye aliyenunua mkebe, ule wa bei ghali, akaita fundi. Siku yenyewe mlango uling'aa hata wageni wakawa wanapigwa picha mbele yake kabla hawajamwona bi arusi. Masika mawili baadaye ulikuwa unabambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Upande wa chini, unaopigwa na mvua, vanishi ilikuwa imefanya malengelenge meupe, na ukiyabonyeza kwa kidole, maji yanatoka.

Akaja fundi wa pili na mashine ya msasa. Vanishi ilitoka yote, hilo siwezi kumnyima. Lakini kwenye fremu, pale palipochongwa mnyororo, nilipopitisha kidole sikuhisi tena kingo za zile pete. Nakshi iliyokaa pale tangu babu hajazaliwa ilipungua asubuhi moja. Ami aliitazama, akasema, "Haya, ipakwe tena." Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo tungeuliza kabla ya arusi. Watu wa pwani walipaka nini mbao zao kabla ya mikebe kuja?

Jibu nililipata kwenye vyombo vya bahari kabla ya kulipata kwenye milango. Kuna mafuta yanaitwa sifa. Ndiyo, neno ni hilohilo la kusifiwa, ingawa yeyote aliyewahi kukaa karibu na jahazi lililotoka kupakwa atakwambia harufu yake haina cha kusifiwa hata kidogo. Ni mafuta ya maini ya papa. Maini yaliachwa juani kwenye pipa mpaka yayeyuke, mafuta yakaelea, yakakusanywa, yakapakwa mbao zilizo juu ya maji. Chini, kule kunakozama, kulipakwa deheni: mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, meupe, mazito, ya kumzuia yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Chombo kimoja, dawa mbili, kwa sababu kinakabiliwa na maadui wawili tofauti.

Na si jambo la jana. Mwaka 1183, Ibn Jubayr, Mwandalusi aliyekuwa njiani kwenda kuhiji, alifika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu. Aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi, bila misumari, kisha vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au mafuta ya papa, na akaandika kwamba haya ya papa ndiyo bora. Alieleza na sababu: mbao zilainike, zipinde kidogo zikigonga miamba. Karne moja baadaye Marco Polo aliona vyombo vya aina hiyo Hormuz, vimepakwa mafuta ya samaki, akavidharau sana. Sisi hapa tulikuwa na mtepe, chombo cha kushonwa cha visiwa vya Lamu, kilichodumu baharini mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Ile sababu ya Ibn Jubayr nimeirudia mara nyingi kichwani. Hasemi mafuta yanazuia maji yasiingie. Anasema yanaiacha mbao itembee. Na mbao hutembea kweli: ikinywa unyevu wa masika inavimba, jua la kaskazi likiikausha inanywea, mwaka baada ya mwaka, hata kama mti ulikatwa miaka 200 iliyopita. Mafuta yanapenya ndani ya nyuzi na kutembea nazo. Vanishi inakaa juu kama kioo. Mbao ikivimba, kioo kinapata ufa mwembamba usiouona, maji yanaingia, na yakishaingia hayana pa kutokea. Halafu kuna jua. Mwanga wake huvunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, ndiyo maana mbao iliyoachwa nje hugeuka kijivu. Vanishi isiyo na rangi inapitisha mwanga, kwa hiyo uso wa mbao unaoza taratibu chini yake na vanishi inakosa cha kushika. Wengi hudhani waliuziwa mkebe feki. Pengine mkebe ulikuwa mzuri tu, ila haukuwa wa mlango unaotazama jua na chumvi.

Sifa haikudumu pia, tusidanganyane. Jua na maji viliyamaliza mafuta yale upesi. Tofauti ni kwamba hakuna aliyetarajia yadumu. Vyombo vilikuja na kaskazi, vikangoja kusi virudi Arabuni na Ghuba, na katika kungoja huko vilipandishwa ufuoni maji ya bamvua yalipojaa, vikasuguliwa, vikatiwa kalafati, vikapakwa upya. Kazi hiyo ilikuwa ndani ya mwaka kama Ramadhani ilivyo ndani ya mwaka. Mtu hakukaa akajiuliza kama ni lazima.

Sasa hapa historia ina kejeli yake. Vanishi bora ya Ulaya na Marekani ya karne ya 19 ilitoka kwetu. Sandarusi, utomvu mgumu wa miti iliyokwisha kufa zamani, ilichimbwa ardhini katika mrima wa Bagamoyo hadi Rufiji, ikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja ikasafirishwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliitafuta kwa bidii. Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 konsuli wao akafika Unguja. Pembe za ndovu ndizo zinazokumbukwa, lakini sandarusi nayo ilijaza ngalawa na maghala. Iliyeyushwa kwa moto mkali, ikachanganywa na mafuta ya kitani, ikang'arisha magari ya farasi ya matajiri. Tazama lakini: gari la farasi lilikuwa na banda lake, na mtumishi wa kulifuta, na pesa za kulipaka tena. Halikusimama miaka 100 likitazama bahari ya Hindi. Baadaye viwanda vikabuni utomvu wao wenyewe, sandarusi ikakosa soko, na king'ao kikaturudia ndani ya mkebe kama kitu cha kigeni.

Kuhusu milango, siwezi kuipamba hadithi. Nyanya aliufuta mlango wetu kwa kitambaa na mafuta ya nazi kila Idi ilipokaribia. Mafuta ya nazi hayakauki, yanakamata vumbi. Mlango wake ulikuwa mweusi na unanata. Lakini nakshi ilikuwepo yote, maana hakuna aliyelazimika kuikwangua. Nadhani hilo ndilo la kupima unapochagua. Usiulize tu kitadumu muda gani. Uliza kitakapoisha, kitaondolewaje. Vanishi ikishindwa huondolewa kwa msasa, na msasa haujui kutofautisha vanishi na ua lililochongwa.

Kurudi kwenye sifa si rahisi, wala sitaki. Papa wamepungua, na tangu 2014 aina kadhaa, wakiwemo wenye kichwa kama nyundo, wamewekewa masharti ya biashara ya kimataifa. Mafuta ya kitani, linsidi kama yanavyoitwa madukani, hukauka vizuri, lakini kwenye unyevu wa pwani yakiwa peke yake hupata ukungu mweusi. Yanayofaa zaidi ni mafuta ya kupenya yenye rangi na dawa ya ukungu. Rangi ya kahawia si urembo. Ndiyo mwavuli wa mbao. Yapakwe membamba, kwa sababu mbambakofi na msaji ni miti iliyoshiba tayari, hainywi mengi, na yanayobaki juu yafutwe kabla hayajanata. Vitambaa vya linsidi visirundikwe pembeni, vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vianikwe.

Mlango wetu tuliufanya Februari, joto likiwa kali na mbao kavu. Mabaki ya vanishi kwenye michongo tuliyatoa kwa vijiti vya mianzi na brashi ya meno, siku nne, mimi na mtoto wa dada yangu. Ami alikuja jioni na kiti chake.

"Mbona haung'ai?"

"Haung'ai, ami."

"Na huu mtapaka tena lini?"

Nikamwambia mwakani, kabla ya masika. Aliguna. Kisha akanyoosha fimbo kuonyesha mnyororo, upande wa kushoto, mahali mashine ilipopita, akasema pale kulikuwa na pete saba. Tulihesabu. Zinazoonekana ni nne.